Helios ya mtumba au 50mm ya otofokasi? Ya kujua kabla hujatoa hela

Mtu akiweka mtandaoni picha ya bibi harusi aliyesimama chini ya mwembe, majani nyuma yake yakizunguka kama maji yanayoingia tundu la sinki, maoni yote yanauliza jambo moja: hiyo lenzi gani? Likija jibu kwamba ni Helios, lenzi ya chuma kutoka enzi za Kisovieti, tena inauzwa chini ya bei ya lenzi nyingi mpya, mabishano yanaanza. Mmoja anasema zamani watu walijua kutengeneza lenzi. Mwingine anasema bila otofokasi hujafanya kitu. Wa tatu ameshainunua, imemfikia, na kila kilicho mbali kinatoka na ukungu.

Huyo wa tatu ndiye wa kusikilizwa kwanza. Swali la lenzi ya zamani au mpya halijibiki mpaka ujue mambo mawili: una kamera gani mkononi, na unachokipiga picha kinakusubiri au hakikusubiri. Uzuri wa picha unakuja baada ya hapo.

Fokasi ni nini hasa

Chukua kioo cha kukuzia, kile ambacho watoto huchomea karatasi juani. Ukikiinua na kukishusha, doa la jua juu ya karatasi linatanuka na kusinyaa. Upo umbali mmoja tu ambapo doa linakuwa dogo kabisa na karatasi inaanza kutoa moshi. Hapo fokasi imeshika. Lenzi ya kamera ni vioo vya namna hiyo, kadhaa kwa pamoja ndani ya mrija mmoja, na mahali pa karatasi kipo kihisi, yaani kile kibamba kinachopokea picha. Unapopiga kitu cha mbali, vioo vinarudi karibu na kihisi. Kitu kikisogea karibu nawe, vioo vinakwenda mbele. Kufokasi ni kusogeza vioo hivyo, basi.

Kwenye lenzi ya fokasi ya mkono, kazi hiyo ni ya vidole vyako: unazungusha pete, na skrubu pana iliyomo ndani inasukuma vioo. Kwenye lenzi ya otofokasi, mota ndiyo inayosukuma, na kamera ndiyo inayoiambia ianze wapi na ikome wapi. Minolta 7000 ya mwaka 1985 ndiyo iliyoufanya mfumo huo, ukiwa umejengwa ndani ya kamera yenyewe, ukubalike sokoni. Canon walifuata mwaka 1987 kwa mfumo wa EOS, wakaacha kabisa kiungio chao cha zamani, yaani sehemu ambapo lenzi inashika kamera, na kuanza kipya. Nikon walibaki na kiungio chao cha mwaka 1959. Maamuzi hayo mawili bado yanawagusa wanunuzi wa leo, kama tutakavyoona.

Neno lingine la lazima ni apecha. Ni tundu lililomo ndani ya lenzi, linalofunguka na kufumba kwa mabamba membamba, mfano wa mboni ya jicho. Namba zake zinakwenda kinyume na matarajio: f/2 ni tundu kubwa, f/16 ni tundu dogo. Tundu kubwa linaingiza mwanga mwingi, lakini linaacha ukanda mwembamba tu wa ukali. Kilicho mbele ya ukanda huo na kilicho nyuma yake vinafifia. Ndiyo sababu sura ya mtu inakuwa kali na ukuta wa nyuma unalainika.

Ukanda huo ndio unaoamua kila kitu kuhusu mkono na mota, kwa hiyo tuupime. Chukua Helios 44-2, ambayo ni 58mm f/2 (58mm ni urefu wake wa fokasi: namba ikikua, lenzi inaona eneo dogo zaidi na kulivuta karibu), kwenye kamera yenye kihisi kikubwa cha milimita 36 kwa 24. Mtu akiwa mita 2 kutoka kwako, apecha ikiwa f/2, ukanda wote wa ukali ni kama sentimita 14, mbele na nyuma kwa pamoja. Mkaribie mpaka mita 1 na ukanda unabaki sentimita 3 na nusu hivi: kope zikishika, masikio yamekwisha kupotea.

Sasa mfikirie bibi harusi anaingia ukumbini kwa mwendo wa maringo, nusu mita kwa sekunde. Akiwa mita 2 kutoka kwako, anaumaliza ukanda ule wa sentimita 14 kwa chini ya theluthi moja ya sekunde. Katika muda huo jicho lako lione kwamba fokasi imeshika, kidole kibonyeze, na pete iwe tayari imesogea kwenye umbali wake mpya. Hata mzoefu atapata picha chache na kupoteza nyingi. Kamera mpya yenye otofokasi inayotambua jicho inapima upya mara nyingi ndani ya sekunde hiyo na kuisogeza mota bila kuchoka. Kwa kazi ya namna hii, yaani kuingia ukumbini, kukata keki, watoto wanaokimbia, mpira, mahubiri ya mtu asiyetulia jukwaani, hakuna mjadala wa kweli. Otofokasi ndiyo lenzi ya kazi, na mteja aliyelipia hataki kusikia kwamba ukungu ule ni sanaa.

Geuza upande wa pili. Sahani ya biriani juu ya meza, viatu vya duka la mtandaoni, magofu ya Kilwa Kisiwani, bwana harusi uliyemsimamisha mwenyewe chini ya mti ukamwambia asitikisike: hivi vyote vinakusubiri. Hapo mota haikuongezei chochote usichoweza kukifanya kwa sekunde tano na vidole viwili.

Je, itakaa kwenye kamera yako?

Hapa ndipo hela nyingi zinapopotelea. Kila aina ya kamera ina umbali wake maalumu kutoka kwenye kiungio, ile pete ya chuma ambapo lenzi inakaa, hadi kwenye kihisi. Lenzi ilitengenezwa kwa umbali wa kamera yake na haibadiliki. Rudi kwenye kioo cha kukuzia: kikiwa juu zaidi ya pale panapotakiwa, doa halitakaza.

Kwa milimita, vipimo viko hivi. Nikon ya kiungio cha F, pamoja na DSLR zake zote (kamera za kidijitali zenye kioo cha kuakisi ndani, kinachopeleka picha kwenye dirisha la kuchungulia), ni 46.5. Kiungio cha skrubu cha M42, kilichotumiwa na Zenit, Praktica na Pentax za zamani, ni 45.46. Canon EF, yaani DSLR za Canon, ni 44. Minolta za fokasi ya mkono ni 43.5. Canon FD, zile za kabla ya 1987, ni 42. Kisha kuna kushuka kukubwa kwa kamera zisizo na kioo hicho cha kuakisi ndani (mirrorless): Canon RF ni 20, Sony E ni 18, Fujifilm X ni 17.7, Nikon Z ni 16.

Kanuni ni nyepesi. Namba ya lenzi iwe kubwa kuliko namba ya kamera, na tofauti yake ndiyo unene wa adapta, yaani pete ya kuunganishia lenzi na kamera isiyo yake. Helios ya M42 kwenye DSLR ya Canon inaacha milimita 1.46, ambazo zinatosha pete nyembamba ya chuma, na fokasi inafika mbali kabisa. Kwenye Sony inaacha milimita 27.46, adapta inakuwa kama kipande cha bomba, na kila kitu kinakwenda sawa.

Kwenye DSLR ya Nikon namba zimegeuka. Lenzi inataka 45.46, kamera ina 46.5, na tayari lenzi iko mbali kwa zaidi ya milimita 1 kabla hujaweka adapta yoyote. Inaonekana ni kitu kidogo, lakini kwa lenzi ya 58mm umbali huo peke yake unaishusha fokasi ya mwisho mpaka kama mita 3, na unene wa adapta unaikaribisha zaidi. Sura ya mtu aliye karibu utaipata. Kundi la wanafamilia hutalipata. Huyo ndiye ndugu yetu wa tatu, na lenzi yake ni nzima kabisa. Zipo adapta zenye kioo ndani zinazorudisha fokasi ya mbali, lakini kioo hicho cha bei ndogo kinapunguza ukali, na umenunua lenzi kwa ajili ya vioo vyake halafu unaweka kingine kibovu nyuma yake. Haifai.

Uamuzi wa Canon wa mwaka 1987 unaleta mshangao wa aina hiyohiyo: lenzi ya Canon FD haikai vizuri kwenye DSLR ya Canon. 42 ni ndogo kuliko 44. Jina moja, nyumba mbili. Ila ukiwa na kamera isiyo na kioo, FD inakubali bila taabu.

Nikon nao, kwa kubaki na kiungio kilekile, wameacha mitego miwili. Lenzi zao za kabla ya 1977, ambazo hazikufanyiwa marekebisho ya mfumo wa AI (njia ya Nikon ya lenzi kuijulisha kamera apecha yake), zinaweza kugonga na kuvunja kidude kidogo kilicho pembeni mwa kiungio kwenye baadhi ya kamera. Usilazimishe inapokwama. Na herufi AF (otofokasi) juu ya lenzi haimaanishi kwamba itafokasi yenyewe: 50mm f/1.8D haina mota ndani, inazungushwa na mota ya kamera. Kamera za familia ya D3000 na D5000 hazina mota hiyo, kwa hiyo D3400 au D5300 ukiiweka lenzi hiyo utazungusha kwa mkono kama ya mwaka 1970. Unayoitaka kwa kamera hizo ni AF-S, yenye mota yake ndani, kwa mfano AF-S 50mm f/1.8G. Wauzaji wa mitumba wengi hawaitaji tofauti hii, pengine kwa sababu wenyewe hawaijui.

Ukubwa wa kihisi nao una sauti yake. Kamera nyingi za bei ya kati zina kihisi kidogo cha APS-C, kinachokata kingo za picha ambayo lenzi inaileta. Lenzi ya 58mm kwenye Canon ya namna hiyo inaona kama 93mm, kwenye Nikon au Sony kama 87mm. Ndani ya chumba cha futi kumi kwa kumi utagonga ukuta kwa mgongo kabla mtu hajaingia mzima kwenye picha. Wengine wanadhani namba hiyo inahusu lenzi za zamani tu. Hapana: 50mm mpya nayo inakatwa vilevile.

Kuifokasi kwa mkono bila kubahatisha

Dirisha la kuchungulia la DSLR za leo limetengenezwa liwe na mwangaza, na kwa sababu hiyo linakudanganya: unaona ukanda wa ukali mpana kama wa f/2.8 hata lenzi ikiwa f/2 au f/1.4. Kamera za filamu zilikuwa na duara katikati lililogawanyika. Mistari ikiungana, umeshika. Kamera yako haina duara hilo. Wanaosema “mbona nilifokasi vizuri na picha imetoka na ukungu” wengi wao walifokasi kwa kuchungulia dirishani.

Tumia skrini. Weka kamera kwenye M, ambapo mwanga unaupanga mwenyewe, au, kwa Canon, unaweza pia kutumia Av, ambapo kamera inakupangia muda wa mwanga. Washa picha ya moja kwa moja kwenye skrini, sogeza kisanduku mpaka kwenye jicho la mtu lililo karibu nawe, kisha kuza mara 5, halafu mara 10. Zungusha pete mpaka kope zisimame kama nyuzi, pitiliza kidogo uone zinafifia, kisha rudi. Kule kupitiliza na kurudi ndiko kunakokuonyesha kilele kiko wapi. Weka shata, yaani muda wa kuingiza mwanga, sekunde 1/125 au haraka zaidi, na piga tatu mfululizo, kwa sababu mtu aliyesimama anayumba mbele na nyuma bila kujijua, na ukanda wako ni wa sentimita chache. Kamera zisizo na kioo zinasaidia zaidi kwa kupaka rangi kingo zilizoshika. Rangi hiyo inafaa kwa kukaribia. Kwenye f/2 usiiamini peke yake, kuza uhakikishe.

Helios 44-2 ina pete mbili za apecha na inawachanganya wageni. Ya mbele ina mibofyo kwenye namba, nayo inaweka kikomo, tuseme f/4. Ya pili haina mibofyo, inafungua mpaka f/2 na kufunga mpaka kwenye kikomo ulichoweka. Ilitengenezwa hivyo ili ufokasi kwa mwanga mwingi, kisha ufunge bila kuondoa jicho. Lenzi nyingine za M42 zina pini nyuma: isipobonyezwa na adapta, apecha inabaki wazi hata uzungushe pete namna gani. Ukinunua lenzi yenye pini, nunua adapta yenye ukingo wa kuibonyeza.

Kabla ya kulaumu lenzi, pitia mipangilio. Kamera za Sony na nyingine zisizo na kioo zinakataa kupiga zikidhani hakuna lenzi. Kwenye menyu ruhusu shata ifanye kazi bila lenzi. Kamera yenye kutuliza mtikisiko ndani inahitaji kuambiwa urefu halisi wa lenzi, kwa hiyo andika 58 na usiandike 87, la sivyo itatuliza kupita kiasi. Nikon za familia ya D3000 na D5000 hazipimi mwanga kabisa kwa lenzi isiyo na umeme. Utapiga kwenye M, uangalie skrini, na urekebishe. Na taarifa za picha hazitakuwa na apecha: Canon itaandika F00. Hilo ni la kawaida, hakuna kilichoharibika.

Ipo njia nyingine ambayo watu wameisahau na inafaa barabarani na sokoni. Weka f/8 na umbali wa mita 5 kwenye pete. Kwa 58mm na kihisi kikubwa, kila kitu kuanzia mita 3.7 hadi 7.8 hivi kinakuwa na ukali wa kutosha. Hapo hufokasi tena. Unangoja mtu aingie kwenye eneo hilo na kubonyeza, na kwa mwanga wa mchana njia hii inaishinda otofokasi nyingi za bei ndogo kwa wepesi.

Yale majani yanayozunguka

Mzunguko ule una sababu inayoeleweka. Chungulia kupitia kipande cha bomba ukikiangalia moja kwa moja: mdomo wa mbele ni mviringo. Sasa kiinamishe kidogo: mviringo unabanwa na kuwa kama punje ya lozi. Mwanga unaoingia Helios kutoka pembeni unabanwa hivyo hivyo na mrija wa lenzi, kwa hiyo kila doa la mwanga lililofifia katikati ya picha ni duara, na lililo pembeni ni lozi. Malozi hayo yanajipanga kuuzunguka katikati, na jicho linaona kimbunga. Mpangilio wa vioo, ambao Wasovieti waliutoa kwenye Biotar 58mm f/2 ya Carl Zeiss Jena, unaongeza kasoro nyingine za pembeni zinazoukoleza. Kwa kipimo cha mhandisi hizo ni kasoro. Kwa jicho la mpiga picha zinaweza kuwa sababu nzima ya kuinunua lenzi hii, na hakuna ubaya.

Ila ujue masharti yake. Mzunguko uko pembeni, na kihisi kidogo cha APS-C kinazikata pembe. Wengi walionunua Helios kwa ajili ya kimbunga wanabaki na picha nzuri yenye mlainiko wa kawaida. Unahitaji pia f/2 kamili, mtu awe mita 1 hadi 2, na nyuma yake, mita kadhaa, pawe na kitu chenye vitundu vingi vya mwanga: mwembe, mwarobaini, ukuta wa michongoma. Ukuta mweupe hauzunguki.

Kuhusu ukali, ule msemo kwamba vioo vya zamani vinazishinda lenzi mpya haukubaliki ukipima. 50mm f/1.8 mpya ya bei ndogo ina tabaka la kupunguza mng'ao kwenye vioo, na lenzi nyingi za zamani zina tabaka hafifu au moja tu. Jua likiwa mbele yako, Helios inafunika picha kwa utando mweupe na weusi unageuka kijivu. Wengine wanaupenda utando huo kwa picha za jioni. Kwa picha za bidhaa ni hasara tupu; nunua kofia ya lenzi, au kivulishe kioo kwa mkono. Ukifunga mpaka f/5.6 au f/8, katikati ya picha tofauti inakuwa ndogo kiasi kwamba mteja hawezi kukuambia ipi ni ipi.

Uzito wa chuma nao hauongezi ukali. Canon EF 50mm f/1.8 STM, ya plastiki kwa nje na kiungio cha chuma, ina gramu 160 hivi na inafanya kazi kila siku. Udhaifu wake ni mwingine: pete yake ya fokasi haijaungana na vioo. Inatuma agizo kwa mota, kwa hiyo kamera ikizimwa au ikilala pete inazunguka bure, na haina mwisho wa kugonga. Anayepiga video na kutaka kuhamisha fokasi kutoka uso hadi pete ya ndoa, kwa mwendo uleule kila mara, atateseka nayo. Helios ina pete ndefu inayozunguka zaidi ya nusu duara, ina mwanzo na mwisho, na alama ya penseli kwenye kipande cha selotepu inakurudisha mahali palepale. Kwa video iliyopangwa, lenzi ya mkono ni chombo bora kwa kazi hiyo, wala haihitaji kutetewa kwa kumbukumbu za zamani.

Ukiwa na lenzi mkononi, kabla ya kulipa

Nenda na kurunzi ndogo au taa ya simu. Fungua apecha yote, elekeza taa kutoka nyuma ya lenzi na uangalie kwa mbele ukiiinamisha. Vumbi kidogo halina madhara. Nyuzi kama utando wa buibui, zenye matawi, ni fangasi. Ukungu mweupe sawasawa ni mvuke wa grisi ya zamani, na fundi anaweza kuusafisha akifungua. Upinde wa rangi kwenye ukingo wa kioo ni gundi iliyoachia kati ya vioo viwili, hiyo iache. Mkwaruzo mmoja wa mbele haubadilishi picha kwa kiasi cha kuonekana, wa nyuma unaonekana haraka zaidi.

Zungusha pete ya fokasi mwanzo hadi mwisho. Ikiwa ngumu kama mfuniko wa chupa ya asali, grisi imekauka. Ikicheza kushoto na kulia bila kusukuma kitu, kuna kulegea ndani. Fungua na ufunge apecha ukiangalia mabamba: mafuta yakiwa juu yake, yanang'aa. Kwa Helios 44-2 mafuta kidogo yanavumilika kwa sababu pete inasukuma mabamba moja kwa moja. Kwa lenzi zinazofunga apecha kwa kasi wakati wa kupiga, mafuta yanachelewesha na picha zinatoka na mwanga kupita kiasi.

Lenzi zenye rangi ya chai ndani, kama baadhi ya Super-Takumar 50mm f/1.4, zina kioo chenye thori, madini yenye mionzi hafifu. Kuitumia kwenye kamera hakuna cha kutisha. Usikisage kioo wala kukivunja. Rangi hiyo hupungua lenzi ikiwekwa kwenye mwanga wa urujuanimno (UV) kwa siku kadhaa hadi wiki kadhaa. Wanaotumia jua wasiiache dirishani bila kuifunika upande mmoja kwa karatasi ya alumini, kwa maana ni kioo cha kukuzia kilekile cha watoto, na pazia linashika moto.

Na fangasi, kwa mtu wa Dar es Salaam, Tanga, Mombasa au Unguja, isichukuliwe kama ugonjwa wa lenzi za zamani tu. Inaota kwenye lenzi yoyote iliyokaa gizani kwenye unyevu wa juu kwa muda mrefu, na asidi yake inakula tabaka la kioo. Hapo kusafisha kunaondoa nyuzi na kuacha alama. Mkoba wa ngozi unatunza unyevu. Kontena la plastiki la chakula lenye mfuniko unaobana, pakiti za silika ndani na kipima unyevu kidogo kinachosoma kati ya asilimia 40 na 50, linatosha. Silika ikilowa, ikaushe kwa joto dogo na uirudishe.

Lenzi ya otofokasi ya mtumba ina ukaguzi wake: iweke kwenye kamera, fokasi karibu, mbali, karibu, mara kumi. Sikiliza gia inayokwaruza, angalia inayosita katikati, na pangusa nukta za shaba nyuma kwa kitambaa kikavu kabla ya kuihukumu kwamba imekufa.

Kwa mwenye lenzi moja tu anayetaka kuanza kulipwa kwa sherehe, pendekezo halina kona: 50mm f/1.8 yenye otofokasi inayofanya kazi kwenye kamera yake. Helios iwe ya pili, itoke wakati wa picha za kupanga, irudi mkobani MC anapoita watu. Mwenye kamera isiyo na kioo anayepiga bidhaa, sura za kupanga au video anaweza kuanza na ya mkono bila kupoteza. Mwenye DSLR ya Nikon atafute lenzi za zamani za Nikon za AI zenyewe na aiache M42. Na yeyote anayelinganisha bei ahesabu adapta, kofia ya lenzi na usafishaji wa fundi, maana Helios chafu pamoja na hivyo vitatu inaweza kufikia bei ya 50mm ya mtumba yenye mota.

Ukishaiweka kwenye kamera, toka nje na utafute mnara wa simu ulio mbali, kilomita moja au zaidi. Fungua f/2, zungusha pete mpaka igonge mwisho wa alama ya ∞, kuza mara 10 kwenye skrini. Vyuma vya mnara vikiwa vikali hapo au kabla kidogo ya mwisho, uko salama. Vikibaki na ukungu pete ikiwa imegonga, na vitu vya mita chache vikawa vikali, kwanza shuku adapta kuwa nene. Omba ya pili na urudie mnara uleule kabla hujairudisha lenzi.